Jedwali la Jimmy Johnson: kipimo cha dili za drafti ya NFL, na mahali kinapopotosha

Kuanzia katikati ya Machi, soko la NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, linapofunguliwa, hadi usiku wa drafti (timu zinapochagua kwa zamu vijana wa vyuo) mwishoni mwa Aprili, watani wa jadi wa futiboli ya Marekani hubishana jambo moja: mchezaji fulani akiachiwa, timu ipate nini? Shabiki wa Vikings anataka machaguo mawili ya raundi ya kwanza. Shabiki wa Packers anamjibu kwamba mchezaji huyo hata raundi ya tatu hafiki. Chombo kinachowekwa mezani kuliko kingine chochote ni jedwali la Jimmy Johnson, ukurasa mmoja wa namba ambao haulipiwi na unapatikana kwenye tovuti nyingi za mchezo huu. Ni chombo kizuri kwa kazi moja. Tatizo ni kwamba mashabiki hukitumia kwa kazi tatu.

Aliyezoea soka aanze na hili: NFL haina ada ya uhamisho. Timu inayomtaka mchezaji hutoa mchezaji mwingine au hutoa machaguo, yaani zamu zake za kuchukua vijana wanaotoka vyuoni. Timu ni 32, raundi ni 7, na iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita ndiyo inayotangulia. Zamu ndiyo sarafu ya soko hili, na jedwali linaipa kila zamu pointi. Chaguo namba 1 lina pointi 3000, namba 2 lina 2600, namba 3 lina 2200. Namba 10 ni 1300, namba 16 ni 1000, namba 32 ni 590, namba 50 ni 400, namba 100 ni 100 kamili. Unajumlisha upande wako, unajumlisha upande wa mwenzako, unalinganisha.

Namba hizo ziliandaliwa mwaka 1991 na Mike McCoy, mshirika wa Jerry Jones katika umiliki wa Dallas Cowboys, ili kocha Jimmy Johnson aweze kujibu haraka simu za timu nyingine. Cowboys walikuwa na machaguo mengi mkononi baada ya kumpeleka Herschel Walker kwa Vikings Oktoba 1989. McCoy alipitia dili za miaka iliyotangulia, akaangalia timu zilikuwa zikitoa nini ili kupanda, yaani kupata zamu ya mbele zaidi, akazigeuza kuwa pointi. Shika neno hilo: zikitoa nini. Hakupima ubora wa wachezaji waliochaguliwa. Alipima bei ya sokoni.

Mfano mzuri wa kujifunzia ni wa watani wenyewe. Usiku wa kwanza wa drafti ya 2022, Vikings waliwapa Lions, wapinzani wao wa kundi moja, chaguo namba 12 na namba 46, wakapokea namba 32, 34 na 66. Walichopata Lions: 1200 jumlisha 440, pointi 1640. Walichopata Vikings: 590 jumlisha 560 jumlisha 260, pointi 1410. Pengo ni 230. Wengi huishia hapo na kuanza kushangilia, ilhali pointi 230 peke yake haikuambii kitu mpaka uifanyie mambo mawili. Kwanza irudishe kwenye jedwali: 230 ni chaguo namba 72, mwanzoni mwa raundi ya tatu. Pili igawanye kwa upande mkubwa: 230 kwa 1640 ni asilimia 14. Kwa kipimo changu, pengo lisilofika asilimia 5 ni dili sawa, na likipita 10 kuna aliyezidiwa. Vikings walizidiwa kwa bei ya jedwali, tena na mtani.

Kesho yake Vikings hao hao waliwaachia Packers namba 34 wakachukua namba 53 na 59. Hapo 560 ilikabiliana na 370 jumlisha 310, yaani 680. Safari hii Vikings walipata ziada ya 120, sawa na chaguo namba 95. Anayebishana kuhusu dili ya kwanza bila kuitaja ya pili anaficha nusu ya hesabu. Kwa dili za namna hii, chaguo kwa chaguo na zote za mwaka mmoja, jedwali linafanya kazi iliyokusudiwa, na sijaona chombo chepesi kulishinda. Kuanzia namba 150 na kuendelea usipoteze muda nalo: liliundwa wakati ligi ina timu 28 na drafti ina raundi 12, na matoleo yanayozunguka leo hayalingani huko chini. Pointi zenyewe ni chache mno kubadili hukumu.

Kazi ya pili, ambayo linaifanya nusunusu, ni machaguo ya miaka ijayo. Hayamo kwenye jedwali. Kanuni inayotumika ni kushusha raundi moja kwa kila mwaka wa kusubiri: raundi ya kwanza ya mwakani unaihesabu kama ya pili ya mwaka huu, na kwa kuwa hujui itaangukia wapi, unachukua katikati ya raundi, namba 48, pointi 420. Jaribu kwa dili ya 49ers ya Machi 2021. Walitoka namba 12 kwenda namba 3 ya Dolphins, pengo la pointi 1000. Walitoa raundi ya kwanza ya 2022, ya kwanza ya 2023 na ya tatu ya 2022. Ukiziweka zote kuwa mwaka mmoja mbele ni 420 mara mbili na kama 70, jumla 910. Ukishusha ile ya 2023 mara mbili inapungua zaidi. Kwa jedwali, basi, 49ers hawakulipa kupita kiasi; pengine walilipa pungufu. Lakini kijana waliyemchukua, Trey Lance, alianza mechi 4 tu akiwa nao, na Agosti 2023 walimpeleka Dallas kwa chaguo la raundi ya nne. Bei ilikuwa sawa, bidhaa haikuwa sawa. Jedwali halikukosea, kwa sababu halikuulizwa hilo.

Kanuni ya kushusha raundi huvunjika vibaya zaidi pale timu inayotoa chaguo la mwakani inapokuwa dhaifu. Machi 2023 Panthers waliwapa Bears namba 9, namba 61, raundi ya kwanza ya 2024, raundi ya pili ya 2025 na mpokeaji wa pasi DJ Moore ili wapate namba 1. Siku ile ungeihesabu hiyo ya 2024 pointi 420. Panthers walimaliza msimu wakiwa na ushindi 2 na vipigo 15, na chaguo likawa namba 1 lenyewe, pointi 3000. Bears wakamchukua Caleb Williams. Kwa hiyo kabla hujaandika 420, tazama nani anatoa. Timu inayobadilisha kocha au inayomwanzisha kwotabeki (mrusha pasi anayeongoza mashambulizi) mgeni ihesabie raundi ya kwanza yake ya mwakani angalau kama mwanzo wa raundi ya pili, namba 33 hadi 36, kati ya pointi 580 na 540.

Kazi ya tatu ndiyo inayozua kelele zote: mchezaji mzima na mkataba wake dhidi ya machaguo. Hapa jedwali liwekwe pembeni, angalau kwa nusu ya kwanza ya hesabu. Lilitengenezwa kabla kikomo cha mishahara, yaani kiwango cha juu ambacho timu inaruhusiwa kutumia kwa wachezaji kila mwaka, hakijaanza mwaka 1994, na fedha ndizo zinazoamua.

Anza na mkataba. Mshahara wa msingi uliobaki huhamia timu mpya. Bonasi ya kusaini ambayo mchezaji ameshalipwa hubaki kwa timu ya zamani: kiuhasibu iligawanywa kwa miaka ya mkataba, isiyozidi 5, na mchezaji akiondoka, iliyobaki yote huangukia mwaka huo huo. Bonasi ya dola milioni 30 kwa miaka 5 ni milioni 6 kila mwaka. Akiondoka baada ya miaka 2, milioni 18 zinabanwa kwenye kikomo cha mwaka huo wakati mchezaji hayupo. Akiondoka baada ya Juni 1, ni milioni 6 mwaka huo na 12 mwaka unaofuata. Ila drafti ni Aprili. Anayetaka chaguo la mwaka huu hawezi kusubiri Juni, na shabiki anayesahau hilo hupanga dili ambayo timu yake haiwezi kuibeba. Packers walipomwachia kwotabeki Aaron Rodgers kwa Jets, siku chache kabla ya drafti ya 2023, zaidi ya dola milioni 40 zilibaki kwenye hesabu zao.

Dili hiyo inafundisha jingine. Packers walipanda kutoka namba 15 hadi 13, faida ya pointi 100, wakapata namba 42 yenye 480, na chaguo la raundi ya pili ya 2024 ambalo lingegeuka la kwanza kama Rodgers angecheza asilimia 65 ya michezo ya mashambulizi ya timu yake (mchezo hapa ni kila mara mpira unapoanzishwa, si mechi nzima). Aliumia kano ya kisigino katika mchezo wa nne wa mechi yake ya kwanza, na chaguo likabaki la pili. Sharti la namna hiyo lihesabie kiwango cha chini kila mara. Ukianza na kile cha juu, mtani wako atakuwa na haki ya kukukatalia.

Kisha mkataba mpya. Usiku wa drafti ya 2022 Titans walimpeleka A.J. Brown kwa Eagles wakapata namba 18 na 101, pointi 996. Karatasini ni bei ya chaguo namba 16, inavutia. Eagles pia walimlipa mkataba wa miaka 4 wa dola milioni 100, na Titans wakatumia namba 18 kumchukua mpokeaji wa bei nafuu, Treylon Burks. Msimu ule Brown alipata yadi 1496, Burks 444. Anayemtetea muuzaji ataje fedha zilizookolewa zilienda wapi. Asipojua, hoja yake haijakamilika.

Na jedwali halina safu ya utani. Packers walipomwachia kwotabeki Brett Favre kwa Jets mwaka 2008, waliweka sharti kwamba Jets wakimpeleka kwa Vikings wangewajibika kutoa machaguo 3 ya raundi ya kwanza. Favre aliachwa huru, akaenda Vikings mwaka 2009 bila dili yoyote, akawafunga Packers mara mbili msimu huo.

Kuna mbadala mbili za kuwa nazo karibu. Jedwali la Rich Hill linatokana na dili za miaka ya karibuni: namba 1 ni pointi 1000, namba 2 ni 717, namba 3 ni 514. Ukitaka kutabiri timu za leo zitakubaliana nini, tumia hilo. La Fitzgerald na Spielberger, wa tovuti ya Over the Cap, limejengwa juu ya fedha ambazo wachezaji wa kila zamu hulipwa kwenye mkataba wao wa pili, kwa hiyo pointi zake hushuka polepole zaidi. Msimamo huo unakaribiana na utafiti wa wanauchumi Cade Massey na Richard Thaler, walioonyesha kwamba timu hulipa kupita kiasi kupanda juu kabisa. Chukua tena dili ya Lions na Vikings ya 2022 uipitishe humo: machaguo matatu ya 32, 34 na 66 yanazidi mawili ya 12 na 46, na Vikings ndio wanaotoka na faida.