Banda la kikapu Ujiji: mabenchi mawili ya mbele ni ya wasichana

Naenda kwenye banda hili la kuonyesha mechi tangu Machi 2024, na wazazi hawaachi kuniuliza kama ni mahali pa kumpeleka binti usiku. Jibu langu ni ndiyo, na maelezo ni haya.

Liko Ujiji, Kigoma. Ukitoka Mwanga kwa daladala unashukia sokoni, unafuata kichochoro chenye mashine ya kusaga hadi unaona mabati ya buluu na mwembe mbele yake. Kibao hakuna. Uliza "kwa Babu", mtoto yeyote atakupeleka. Siku za ligi ya Uingereza, au Simba na Yanga wakikutana, ni banda umiza kama mengine yote: joto, makelele, watu wamebanana mpaka mlangoni. Siku hizo sizizungumzii. Nazungumzia usiku wa kikapu cha wanawake wa vyuo vya Marekani, kitu ambacho sijaona banda jingine la Kigoma likikionyesha.

Ilianza hivi. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na jioni nafundisha kikapu timu ya wasichana wa shule yetu, kwenye uwanja wa udongo wenye goli moja zima na jingine lisilo na nyavu. Mjukuu wa Babu, mwenye banda, alikuwa mchezaji wangu. Mwishoni mwa 2023 wasichana wote walikuwa wamejazana kwenye simu moja wakirudia kipande kilekile: MiLaysia Fulwiley wa Chuo Kikuu cha South Carolina, siku timu yake ilipoifunga Notre Dame 100 kwa 71 mjini Paris. Binti anachukua mpira upande wake, anavuka uwanja wote peke yake, mlinzi anamfungia njia, anaupitisha nyuma ya mgongo bila kupunguza mwendo na kumalizia kwa mkono. Ndiyo kwanza anaanza mwaka wa kwanza chuoni. Babu, mstaafu wa reli, aliwakuta uani kwake, akakiomba akitazame, akakitazama mara tatu. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, hawa watacheza tena lini?"

Machi 2024, timu za fainali ya ligi yao ya SEC zilipojulikana, nikamtajia tarehe 10, South Carolina na LSU, chuo cha Louisiana, kwetu saa nne usiku. Akasema ataonyesha.

Usiku ule ndiyo nilijua hili si banda la kubahatisha. Babu alikuwa ameandika kwa chaki kwenye mabenchi mawili ya mbele: WASICHANA. Vijana wawili walikuja wamelewa, akawarudishia hela zao mlangoni, kwa upole, akawaambia waje kesho. Kulikuwa na mama wawili wa wachezaji wangu, na nikawaona wanavua viatu na kukunja miguu juu ya benchi kama wako barazani kwao. Kwa mwanamke, hicho ndicho kipimo cha kwanza cha mahali.

Picha ilikuwa na kasoro. Projekta inatupa picha kubwa kuliko shuka, kwa hiyo sehemu ya chini, yenye matokeo, ilikuwa inaangukia kwenye matofali na haisomeki. Mpwa wake Babu akasimama pembeni na ubao mdogo, kila kikapu kikiingia anafuta na kuandika upya. Mwanzoni iliniudhi. Kufika robo ya pili nikagundua wasichana wangu wanajumlisha kabla yake na kumsahihisha, "Ni tatu, hakukanyaga mstari!" Nimefundisha hesabu miaka kumi na minne na sijawahi kupata darasa la namna hiyo saa tano ya usiku. Siku hizi shuka imebadilishwa na matokeo yanaonekana, lakini ubao umebaki. Niliomba mwenyewe ubaki.

Fulwiley akitokea benchi alifunga pointi 24. Zikiwa zimebaki dakika mbili hivi, vurugu zikatokea, Kamilla Cardoso wa South Carolina akamsukuma Flau'jae Johnson wa LSU, na hapohapo intaneti ikagoma. Tukabaki na picha iliyoganda: mikono ya Cardoso imenyooka mbele, Johnson yuko katikati ya hewa na ardhi. Ilikaa hivyo karibu dakika kumi. Banda zima likahukumu kesi ile kwa picha moja. Iliporudi, Cardoso ameshatolewa na mpira unaelekea mwisho, 79 kwa 72. Bando lilikuwa limeisha na kampuni ya simu haikutoa hata ujumbe wa kuonya. Nililalamika, na Babu akaahidi kwamba mechi kubwa zote atazitafuta kwenye king'amuzi kwanza, simu iwe ya akiba. Ahadi ameitimiza. Tangu hapo picha imenikatikia mara moja tu, nayo ilikuwa TANESCO, jenereta likawaka kabla sijamaliza kikombe.

Vya kula ni vichache na vizuri: kahawa chungu kwa kashata, tangawizi ya moto, mihogo ya kukaanga yenye chumvi na pilipili, na akipatikana, samaki wa mgebuka wa kuchoma anaouza jirani mbele ya mlango. Soda zinakuwa za uvuguvugu. Choo ni kimoja, kisafi, kina taa na komeo linalofunga kwa ndani.

Usiku ninaoukumbuka kuliko wote ni tarehe 7 Aprili 2024. Ramadhani ilikuwa inaishia, tarawehe imetoka, watu wamekuja na kanzu zao, mabuibui yao, na hotpoti za tambi. South Carolina na Iowa, fainali ya taifa. South Carolina walishinda 87 kwa 75 na kumaliza msimu bila kufungwa, mechi 38. Mzee mmoja ambaye hajawahi kuona kikapu maishani mwake alitoka akiniuliza kama kocha wao, Dawn Staley, naye aliwahi kucheza. Nikamwambia alicheza na ana medali tatu za dhahabu za Olimpiki. Akatikisa kichwa mpaka tukafika barabarani.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikae kuandika.

Aprili 2025 tulikuwa palepale South Carolina walipopigwa na UConn, chuo cha Connecticut, 82 kwa 59. Wiki chache baadaye ikatangazwa: Fulwiley anahama, na anahamia LSU. LSU haohao! Ukumbuke huyu ni mtoto wa Columbia, mji wenyewe wa South Carolina, amesoma na kukulia pale. Ni kama mtoto wa Msimbazi avae ya kijani Jangwani. Sisi tulishamwona Chama akitoka Simba kwenda Yanga 2024, tunaijua ladha yake. Jumamosi iliyofuata Babu hakuwa na mechi, akafungua banda hivyohivyo, akachemsha kahawa na kuacha watu wazungumze. Bure. Sijawahi kuona mwenye banda mwingine akifanya hivyo.

Wengi walimwita msaliti. Wasichana wangu walikuwa wamegawanyika nusu kwa nusu. Mimi nilisimama nikaeleza ninachokijua: kwamba msimu wa 2024–25 alichaguliwa mchezaji bora wa akiba wa SEC nzima, maana yake ni bora lakini bado anaanzia benchi. Nikawasimulia habari ya Evina Westbrook, aliyetoka Tennessee kwenda UConn mwaka 2019, chuo kilekile alichochezea Hasheem Thabeet wetu. Tennessee na UConn walianza uhasama wao Januari 1995, ukakatwa mwaka 2007 Pat Summitt wa Tennessee alipokataa kuendelea nao, na walipokutana tena Januari 2020 Westbrook alikuwa amekaa pembeni, kwa sababu wasimamizi wa michezo ya vyuo, NCAA, walikataa kumruhusu kucheza msimu ule. Mwaka mzima wa ujana wa binti umeliwa na kanuni. Kanuni ile ililegezwa 2021, ndiyo maana Fulwiley aliweza kuhama na kucheza msimu uliofuata bila kukaa nje.

Nilisema hayo yote kwa ufasaha. Kisha Babu, aliyekuwa anasuuza vikombe, akaniuliza mbele ya watu, taratibu, "Na wako je, Mwalimu?"

Alikuwa anajua. Pointigadi wangu, yaani mpanga mchezo wa timu, binti wa kidato cha tatu, alikuwa ameomba kuhamia shule ambayo ndiyo mahasimu wetu, tunayofungana nayo kila mwaka kwenye michezo ya shule. Wao wana uwanja wa saruji na bweni. Nyumbani kwa binti ni mbali na shule yetu, alikuwa anatembea saa nzima asubuhi na saa nzima jioni baada ya mazoezi, gizani. Barua yake ilipita kwangu kwa maoni na nilikuwa nimeiweka kwenye droo wiki tatu. Sikuwa nimekataa. Nilikuwa nimeiweka tu. Na binti mwenyewe alikuwa pale, benchi la mbele, anatazama chini kwenye neno WASICHANA lililofifia, analifuta kwa kidole cha gumba herufi moja moja.

Jumatatu asubuhi niliitoa ile barua kwenye droo nikaandika maoni mistari minne, yote ya kumsifu, na kumpelekea mkuu wa shule. Binti alipokuja kuniaga alinipa shikamoo na hakuweza kusema kingine. Na mimi vilevile.

Ndiyo maana silipimi banda hili kwa projekta.

Nirudi kwenye huduma. Kwa kikapu kiingilio ni shilingi elfu moja, wanafunzi mia tano, na msichana akija na mama yake, mama anaingia bure. Mechi nyingi za usiku za Marekani kwetu zinaangukia saa tisa au saa kumi alfajiri. Babu hazionyeshi hizo moja kwa moja. Anazirekodi na kuzirusha jioni inayofuata, na ana amri kali kwamba mwenye kujua matokeo anyamaze. Hewa ni nzito watu wakizidi sitini, feni mbili hazitoshi, na nimeshamwambia atoboe dirisha upande wa mwembe. Usafiri wa kurudi ujipange nao: baada ya saa tano daladala ni za bahati, bodaboda mpaka Mwanga wanataka elfu mbili. Sisi tunakodi bajaji mbili kwa pamoja na Babu huandika namba zake kwenye daftari kabla hazijaondoka.

Msimu huu wa 2025–26 watu wameongezeka, na sababu ni Madina Okot. Mkenya, urefu wake karibu mita mbili, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Zetech kabla ya kwenda Mississippi State, na mwaka 2025 naye akahama, akaenda South Carolina. Mississippi State ndio waliofungwa na South Carolina kwenye fainali ya taifa ya 2017, kwa hiyo huko alikotoka nako watu wameumia. Basi waliomwita Fulwiley msaliti mwezi wa nne wanampigia Okot vigelegele mwezi wa kumi na moja, nami nimewakumbusha hilo waziwazi, kwa majina yao. Okot akishika ribaundi, mpira uliokosa kikapu, mama mmoja muuza dagaa huinuka na kusema, "Mwanetu huyo!" Mimi nalia kila mara.

Fulwiley amepangiwa kukutana na timu yake ya zamani Februari 2026, huko Baton Rouge, kwa LSU. Babu ameshaanza kujiandaa. Wiki iliyopita nilimkuta chini ya mwembe na fundi, wanapiga randa benchi jipya la mninga, maranda mekundu yametapakaa mpaka mlangoni. Nikamuuliza la nani. Akasema shule ile nyingine wamemwomba nafasi kumi, na pointigadi wangu wa zamani ndiye aliyeleta barua, na ameomba benchi lao liwekwe pembeni ya letu, lisiwe nyuma. Halijapakwa vanishi bado. Anataka idadi yangu kabla ya Alhamisi.