Mtindo wa Fomu: kwa Elementi Zote au kwa Klasi?

Nilipokuwa nikitengeneza fomu ya oda za dagaa kwa mfanyabiashara mmoja wa Kibirizi, Kigoma, nilianza na njia ya mkato: kanuni moja ya CSS (lugha ya kupanga mwonekano wa kurasa za wavuti) inayolenga kila elementi ya "input", yaani kila sehemu ya ukurasa ya kujazia taarifa, yenye upana wa asilimia 100 na ukingo wa bluu. Visanduku vya jina na simu vilipendeza, lakini kisanduku cha tiki, ambacho nacho ni "input", kilitwaa mstari mzima na kulisukuma chini neno "Nimelipia", kwa kuwa kanuni ya namna hiyo haibagui maandishi na tiki.

Njia ya pili ni kuvipa visanduku vinavyohusika klasi, yaani jina la kundi unalolichagua mwenyewe, tuseme "maandishi", na kuelekeza mtindo huko pekee. Inadai uandishi zaidi, na ukiisahau klasi kisanduku hubaki na sura ya kawaida ya kivinjari. Hata hivyo kosa hilo huonekana mara moja, na zinapogongana kanuni ya klasi huishinda ya elementi, hata kama ya elementi imeandikwa mwisho. Kanuni ya jumla naiachia fonti tu, ambayo kwa kawaida visanduku vya fomu havirithi kutoka kwenye ukurasa.