Uzoefu wangu na tyubu za njano zenye jeli kwa sampuli zinazosafirishwa

Katika kituo cha afya ninakofanya kazi, mkoani Tanga, sampuli za vipimo vya figo, ini na madini ya damu huzipeleka hospitali kubwa zaidi, na kwa safari hiyo sijapata tyubu ya kukusanyia damu inayonipa utulivu wa moyo kama BD Vacutainer SST, ile ya kifuniko cha njano yenye jeli ndani ya kutenganisha seramu (majimaji yanayobaki damu ikishaganda). Damu ikishaganda kwa dakika 30, huizungusha kwenye sentrifyuji (mashine ya kuzungusha tyubu kwa kasi) kwa dakika 10, na jeli hupanda ikajipanga katikati, chembe zikabaki chini na seramu juu.

Kizuizi hicho cha jeli ndicho ninachokilipia. Katika tyubu nyekundu isiyo na jeli, seramu isipohamishwa mapema, chembe huendelea kula sukari na kuvujisha potasiamu, hata mgonjwa asiye na tatizo akaletewa majibu ya potasiamu ya juu yanayomtia daktari wasiwasi juu ya moyo wa mgonjwa huyo. Lakini ikishazungushwa, tyubu ya jeli isizungushwe tena huko inakofika, kwa kuwa potasiamu iliyojikusanya chini ya jeli huweza kupenya na kuchanganyika na seramu. Mimi huandika kwenye fomu kwamba kazi hiyo imekwisha kufanyika.

Haifai kwa kila kipimo. Kwa sukari naendelea kutumia ya kijivu yenye floraidi (huzuia chembe kula sukari), na kwa kupima kiwango cha dawa kama fenitoini (ya kifafa) huchagua nyekundu isiyo na jeli, maana jeli huweza kufyonza dawa. Mgonjwa akihitaji pia picha kamili ya damu, njano hutangulia, zambarau hufuata, na kamwe damu haimiminwi kutoka zambarau kuziba pengo la njano: EDTA iliyomo, dawa ya kuzuia damu isigande, ni chumvi ya potasiamu, hivyo hata kiasi kidogo hupandisha potasiamu na kushusha kalsiamu. Ikiwepo ya bluu ya kipimo cha kuganda kwa damu, hiyo hutangulia njano, nayo ijae hadi alama, kwa sababu sitreti yake, nayo ya kuzuia damu isigande, imekadiriwa sehemu 1 kwa sehemu 9 za damu.

Bei yake ni kubwa kuliko ya nyekundu, na mtengenezaji anataka ihifadhiwe kati ya nyuzi 4 na 25 za Selsiasi, sharti zito kwa joto la pwani. Kwa hiyo nashauri kuagiza kidogo kidogo, na stoo yake iwe na kiyoyozi.