Kuhamisha namba za simu kwenda kundi jipya: kwa mkupuo au kwa awamu?

Huduma za ujumbe wa malipo ya ziada zinafaa kuhamishwa kwa mkupuo, kwa kuwa mteja wa Lamu akishalijua kundi jipya la namba, hutambua kabla ya kutuma kwamba salio lake litakatwa zaidi. Lakini mashine hazisomi tangazo la mabadiliko. Kifaa cha kufuatilia mashua ya uvuvi Kizingitini, kisiwani Pate, ndani ya kisanduku kilichokwisha kuliwa na chumvi, hutuma ujumbe kwa namba iliyowekwa na fundi, naye huenda akalazimika kuvuka bahari kutoka Amu, mji wa Lamu, ili aibadilishe. Kwa hiyo naona ni lazima namba kongwe na mpya zifanye kazi sambamba mpaka kifaa cha mwisho kifikiwe. Nafasi ya namba za ziada ipo: E.164, kiwango cha kimataifa cha namba za simu, kinaruhusu hadi tarakimu 15, zikiwemo tatu za msimbo wa Kenya, 254.