Vitabu vya Giles Foden: msomaji wa Kigoma aanze na kipi?

Kama una fedha ya kitabu kimoja tu cha Giles Foden, nunua kile cha vita vya ziwa letu, Tanganyika. Mwingereza huyu, aliyezaliwa 1967 na kukulia Malawi na kwingineko Afrika, ameandika riwaya za vita na ujasusi pamoja na historia ya kusomwa na mtu yeyote. Vitabu vyote ninavyovitaja hapa ni vya Kiingereza. Nimevipanga kwa kuangalia kila kimoja kinampa nini mtu anayeishi Kigoma.

1. Mimi and Toutou Go Forth (2004)

Hiki ni historia, si riwaya, ingawa kinakwenda mbio kama riwaya. Kinasimulia jinsi Waingereza, katika Vita Kuu ya Kwanza, walivyosafirisha boti mbili ndogo za vita, Mimi na Toutou, kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa treni, kisha zikakokotwa na ng'ombe na mashine za mvuke kuvuka milima ya Mitumba huko Kongo, mpaka zikaingia Ziwa Tanganyika kutokea ng'ambo. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka Kingani, meli ya Wajerumani. Februari 1916 meli yao nyingine, Hedwig von Wissmann, ikazamishwa.

Ikabaki meli yao kubwa, Graf von Götzen. Ilitengenezwa Papenburg, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa reli na kuunganishwa hapahapa Kigoma. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, mitambo ikiwa imepakwa grisi isiharibike. Waingereza wakaiibua 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Wazee wetu wameipanda kwenda Kasanga na Mpulungu. Watoto wetu wanastahili kujua ilivyofika.

Kasoro ipo, na inaniuma. Wanaong'ara ni maofisa wa Kizungu, hasa kamanda Spicer-Simson na vituko vyake. Waafrika waliofyeka njia na kubeba mizigo wanapita kama kundi, wakati bila mikono yao boti zisingevuka mlima hata mmoja. Kinunue hata hivyo.

Angalizo: toleo la Marekani linaitwa Mimi and Toutou's Big Adventure. Ni kitabu kilekile, usilipie mara mbili.

2. Freight Dogs (2021)

Riwaya ya Manu, kijana wa mashariki mwa Kongo anayekimbia vita na kuwa rubani wa ndege za mizigo. Wengine watakipa nafasi ya tatu au ya nne. Mimi nakipa ya pili bila kusita. Mkoa wetu umepokea watu wa vita hiyo, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ipo tangu 1996, na ni wachache walioandika habari hizi kwa mwendo wa riwaya ya kusisimua.

3. The Last King of Scotland (1998)

Ndicho kilichompa jina. Daktari kijana wa Scotland anakuwa tabibu wa Idi Amin na kuchelewa kuondoka. Daktari huyo ni wa kubuni, kwa hiyo usikichukue kama ushahidi wa historia. Nakala yenye picha ya filamu ya 2006 kwenye jalada ni riwaya ileile. Chukua iliyo nafuu.

Kama Kiingereza kinakuchosha, weka fedha yako kwenye Zawadi ya Ushindi ya Ben Mtobwa, mzaliwa wa mkoa huu. Inamhusu kijana aliyerudi na majeraha kutoka vita ya Tanzania na Amin, na inagusa moyo kuliko Foden.

Zinazobaki

Turbulence (2009) inahusu utabiri wa hali ya hewa kabla ya Wamarekani na Waingereza kutua Normandy Juni 1944. Nzuri kwa mwalimu wa fizikia au jiografia. Ladysmith (1999) ni ya mji uliozingirwa na Makaburu Afrika Kusini. Zanzibar (2002), iliyojengwa juu ya milipuko ya balozi za Marekani ya Agosti 1998, naiweka mwisho: jina linavuta, wahusika ni wepesi.

Ukiagiza kilichotumika kutoka Dar, mwombe muuzaji akupigie picha ya ukurasa wa haki ya kunakili, ukurasa wa mwisho na mgongo wa kitabu. Kwa kile cha kwanza, dai pia picha ya ramani, maana bila ramani safari ile ya Mitumba itakupotea. Kataa kopi zilizobanwa kwa pini. Gharama ya kifurushi kwa basi iulize kando na bei ya kitabu, kabla hujatuma fedha.