SimpleDateFormat ilinidanganya mchana kweupe

Naandika nikiwa bado na hasira. Siku kadhaa zilizopita nilikuwa naingiza orodha ya miadi kutoka faili la maandishi, tarehe zikiwa dd/MM/yyyy (siku, mwezi, mwaka), na kuzisoma nikaiachia SimpleDateFormat, chombo cha lugha ya programu ya Java cha kugeuza maandishi kuwa tarehe. Faili likasomwa hadi mwisho bila kosa hata moja. Nikashukuru.

Kumbe kuna mtu aliandika 05/25/2019, mwezi kwanza, kama wafanyavyo Wamarekani. Mwezi wa 25! Nayo haikukataa. Ilihesabu miezi 12, ikahesabu 12 mingine, ikatua 5 Januari 2021. Miadi ya Mei ikasukumwa mbele zaidi ya mwaka mmoja na nusu, kimya kama maji mtungini. 31/02/2019 nayo ikageuka 3 Machi. Aliyekosea kuandika namsamehe, sote hukosea. Kinachoniuma ni ule ukimya. Niambie hujaelewa, nitarekebisha. Ukinibunia tarehe nitajuaje?

Haya, ipo setLenient(false), amri ya kuiambia isivumilie makosa, na kwa haki yake mwezi wa 25 inaukataa. Nikaanza kulegeza moyo. Nikajaribu 28/02/2019abc: ikapita, mkia ikauacha ukining'inia. Nikajaribu 28/02/19: ikapita, ikanipeleka mwaka wa 19, enzi za Warumi! Siitaki tena.

Nikahamia java.time, mkusanyiko mpya wa vyombo vya tarehe uliokuja na Java 8 mwaka 2014. Hapo mwezi wa 25 haupiti kabisa. Lakini 31/02/2019 ikapunguzwa ikawa 28 Februari, tena kimya vilevile, kwa sababu usipochagua unapewa hali ya SMART, inayojirekebishia siku iliyozidi mwezi. Nikaweka ResolverStyle.STRICT, yaani hali kali, ikakataa hata tarehe halali! Nilikesha. Shida ilikuwa yyyy: kwenye STRICT, mwaka wa namna hiyo hautoshi mpaka useme ni kabla au baada ya Kristo. Inatakiwa uuuu, mwaka usiohitaji kusema hivyo. Herufi nne zimenila usiku mzima.

Sasa 31/02/2019 inarudishwa na kosa linalotaja 'FEBRUARY 31' waziwazi. Nilipoliona nilipiga makofi peke yangu chumbani. Naipenda java.time, nawaambia wenzangu wote waitumie. Ila ukali huu ulipaswa kuwa mlangoni tangu mwanzo, si kufichwa uvunguni nikautafute kwa tochi.

Ile orodha naipitia upya kwa macho, mstari baada ya mstari. Sijafika hata nusu.