The Americans: Stan aliwaachia kwa sababu ya Nina

Nianze na onyo. Humu nausema mwisho wote bila kuficha kitu, kwa hiyo kama hujaitazama tamthilia hii na hupendi kuharibiwa utamu, kaimalize misimu yote sita kwanza, kisha urudi tubishane.

The Americans ilirushwa na kituo cha FX cha Marekani kuanzia 2013 hadi 2018. Aliyeibuni, Joe Weisberg, aliwahi kuwa ofisa wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, na jambo hilo linaonekana. Majasusi wake hawaruki juu ya mapaa. Wanavaa nywele za bandia, wanakariri majina ya uongo, wanakaa ndani ya gari wakisubiri mtu atoke kazini. Philip na Elizabeth Jennings, wanaoigizwa na Matthew Rhys na Keri Russell, ni mume na mke wanaoendesha wakala wa safari karibu na Washington katika miaka ya themanini. Kumbe ni Warusi waliopandikizwa na KGB, idara ya ujasusi ya Kisovieti, na hata ndoa yao ilipangwa na wakubwa wao. Watoto wao wawili, Paige na Henry, wamezaliwa Marekani na wanajiona Wamarekani. Katika sehemu ya kwanza kabisa, nyumba ya ng'ambo ya barabara anahamia jirani mpya, Stan Beeman, kachero wa FBI anayewinda majasusi wa Kisovieti.

Sasa tuingie kwenye lile gereji. Ni sehemu ya mwisho ya msimu wa sita, mwaka 1987. Stan amekwishaunganisha mambo, anawavizia kwenye maegesho ya magari ya jengo anakoishi Paige, anawaelekezea bastola Philip, Elizabeth na Paige. Mazungumzo yanachukua takriban dakika kumi na hakuna risasi inayofyatuka. Noah Emmerich, anayemwigiza Stan, anaanza na sauti ya askari na kuishia na sauti ya mtu aliyefiwa. Mwishoni anasogea pembeni. Gari linapita. Basi.

Kwa nini aliwaachia? Dada yangu, ambaye tuliitazama naye, anashikilia mpaka leo kwamba Stan alikuwa dhaifu, kwamba alisaliti kiapo kwa sababu Philip alimbembeleza kwa urafiki. Wengi wanasema hivyo, na naelewa wanakolitoa. Philip anamwambia Stan kwamba alikuwa rafiki yake wa pekee, na Rhys anayasema hayo kwa namna ambayo hata mimi ningemfungulia njia. Ila ukiishia kwenye urafiki unakuwa umeitazama dakika kumi tu na kuisahau misimu mitano.

Ushahidi wangu ni Nina. Nina Krilova alikuwa mfanyakazi wa ubalozi wa Kisovieti ambaye Stan alimgeuza kuwa mtoa habari wake, kisha akampenda. Mwishoni mwa msimu wa pili Stan aliwekwa njia panda: awape Warusi siri ya serikali yake, au Nina arudishwe Moscow kushtakiwa kwa uhaini. Stan akachagua kazi. Alifanya vile ambavyo kiapo kilimtaka afanye, na msimu wa nne Nina akapigwa risasi kwenye ukumbi wa gereza, ghafla, bila hata kupewa nafasi ya kulia. Mtu huyu amekwisha kutii wajibu kikamilifu mara moja, na anajua bei yake. Pale gerejini anaulizwa swali lilelile kwa mara ya pili, na safari hii anajibu tofauti. Huo si udhaifu hata kidogo.

Kuna jambo jingine ambalo wanaomtetea Stan huliruka. Mikono yake si safi. Msimu wa kwanza, baada ya mwenzake Chris Amador kuuawa, Stan alimteka Vlad, kijana wa ubalozini ambaye hakuhusika na lolote, akampa baga ale, akampiga risasi ya kisogoni. Anayejua kwamba aliua asiye na hatia hawezi kumhukumu jirani yake kwa sauti ya malaika. Na sisi watazamaji tunabeba mzigo zaidi ya Stan, kwa sababu tunajua kwamba aliyemchoma kisu Amador ni Philip mwenyewe. Hapo ndipo uandishi unaponishangaza: wanapobanwa kuhusu mauaji, hawa wawili wanakana. Wanatoa ungamo kubwa la maisha yao na bado wanadanganya ndani yake, mbele ya binti yao. Kwa hiyo ukisema Stan aliwaachia kwa kuwa hatimaye aliambiwa ukweli, nakukatalia. Aliambiwa nusu yake, na nadhani alijua ni nusu.

Kuhusu Paige nitakuwa mkali zaidi. Wazazi na binti wanapanda treni kuelekea Canada, kila mmoja amekaa peke yake na sura ya bandia. Ofisa wa mpakani anakagua pasi, anamtazama Elizabeth, anapita. Treni inaondoka. Elizabeth anageukia dirisha na kumwona Paige amesimama kwenye jukwaa la stesheni, amevua nywele za bandia, anawatazama. Wimbo wa bendi ya U2 unapanda. Russell hasemi neno, ila uso wake unabomoka kiungo kimoja baada ya kingine, na ndiyo sababu sitaki kuambiwa kwamba Tuzo ya Emmy, ile ya televisheni, ya mwaka ule ilipaswa kwenda kwa mwanamke mwingine. Rhys alipata ya kwake, na waandishi wa sehemu hiyo pia wakapata.

Wanaosema Paige alishuka kwa ajili ya Henry wananiudhi kidogo. Angalia anakokwenda baada ya kushuka. Haendi kwa mdogo wake. Anakwenda kwenye ile nyumba ya siri walikokuwa wakikutana na Claudia, bosi wa mama yake, anaikuta tupu, anajimiminia vodka, anakaa. Kama angekuwa na mpango wowote wa kumlea Henry tungeuona. Msichana huyu amevutwa na kanisa, na mama, na Moscow ambayo hajawahi kuikanyaga, na kila mara imani aliipokea kutoka kwa mtu mwingine. Kushuka kwenye treni ni uamuzi wa kwanza wa kwake mwenyewe, na hajui autumie vipi. Waandishi wamemwacha hapohapo, na wamefanya vema.

Na Henry? Anaachwa shuleni bila kujua chochote. Wazazi wanampigia simu ya kuaga ambayo yeye haijui kuwa ni ya kuaga. Halafu ni Stan anayekwenda kumkalisha chini kando ya uwanja wa hoki na kumwambia. Ndiyo, nakubali kwamba Henry naye alichangia kuifanya bastola ile ishuke. Dada yangu akisoma hapa atafurahi.

Kasoro zipo. Msimu wa tano unajikokota. Kuna tukio la kuchimba kaburi usiku ambalo ni refu kupita kiasi, majembe na udongo tu, na mkasa wa zao la ngano unachukua muda mwingi kuliko unavyostahili. Hata hivyo msiuruke, maana humo ndimo Philip na Elizabeth wanafunga ndoa ya kweli mbele ya padri wa Kiorthodoksi, na bila hiyo hamtaelewa kwa nini, wakati wa kutoroka, wanazika pete zao za Kimarekani na kuvaa zile za siri.

Kinachonikera hasa ni Renee. Kabla ya kuondoka gerejini Philip anamwambia Stan kwamba huenda mkewe mpya naye ni jasusi, ila hana uhakika. Wapo wanaoita hilo wema wa rafiki. Kwangu ni ukatili, kwani Stan ataishi na mwanamke yule akimpeleleza mezani na kitandani, na hakuna atakayemjibu. Ningelikubali kama tungepewa hata kidokezo kimoja chenye uzito. Tunachopewa ni Renee akiitazama nyumba ya Jennings ikipekuliwa, na mtazamo ule unaweza kuwa wa jasusi au wa jirani yeyote aliyepigwa na butwaa.

Naipa tisa na nusu kwa kumi, na ile nusu nimeikata kwa Renee. Atakayeianza leo aitazame taratibu, sehemu moja au mbili kwa siku, na amfuatilie Oleg Burov, ofisa wa KGB wa ubalozini, tangu anapotokea. Alijaribu kuokoa amani kati ya nchi mbili, akaishia kwenye jela ya Marekani huku mkewe na mtoto mdogo wakimsubiri Moscow. Watu tunabishana usiku kucha juu ya Stan na Paige, na yeye hatumtaji.